Chupa Isiyo ya Mtu Mmoja: Bia ya Japani kwa Macho ya Mgeni

Mtu aliyezoea kunywa bia Dar es Salaam anajua kwamba chupa ni mali ya mnywaji. Mhudumu anauliza kama unataka ya baridi au ya moto, anaifungua mbele ya macho yako na kuiweka mezani, na tangu hapo hakuna mwingine anayeigusa. Hata rafiki anaponunua raundi nzima, kila mmoja anapata chupa yake na kuimaliza kwa mwendo wake. Nilipohamia Tokyo kikazi, desturi hiyo ndiyo iliyotangulia kubadilika, nami naamini ndiyo inayomsaidia mgeni kuelewa mengi katika unywaji wa Kijapani. Huku chupa ni ya meza. Huletwa chupa kubwa ya mililita 633 pamoja na glasi ndogo zinazoisha kwa mikupuo michache, na mtu akilazimika kujimiminia mwenyewe mbele ya wenzake, wanaoona haya ni wenzake, kwa sababu wamemsahau.

Kumimina kwenyewe kuna adabu zake. Mkono wa kulia hushika chupa, wa kushoto huitegemeza kwa chini, na lebo huelekea juu ili anayemiminiwa aione. Anayepokea haiachi glasi yake mezani. Huinyanyua, na kama anayemimina ni mkubwa wake kazini au kiumri, huishika kwa mikono miwili na kuilaza kidogo. Bia huanza kuingia polepole, kisha kwa kasi kidogo ili povu lipande, halafu polepole tena mpaka povu lichukue takribani sehemu tatu katika kumi za glasi. Wajapani hawalichukulii povu kama hewa uliyouziwa badala ya bia. Kwao ni kifuniko kinachozuia harufu na gesi zisipotee, na nimewahi kuona mhudumu akirudisha glasi nyuma ya kaunta kwa sababu povu lake lilikuwa na matundu makubwa.

Kwa kuwa hujimiminii, unalazimika kuangalia glasi za wengine, na hapo ndipo penye utamu wa desturi hii. Katika karamu ya Desemba, ile inayoitwa bonenkai, ambayo karibu kila kampuni huifanya kuuaga mwaka, mkuu wa idara yetu alinyanyuka na chupa mkononi akapita meza hadi meza. Ofisini ni mtu wa maneno machache mno, ambaye barua pepe zake ni za mstari mmoja. Usiku ule alipiga magoti kwenye mkeka karibu na kila mmoja wetu, akammiminia, na kumwambia jambo moja mahususi kuhusu kazi aliyoifanya mwaka ule. Kwangu alitaja ripoti ambayo nilidhani hakuna aliyeisoma. Kisha nikaichukua chupa kutoka kwake nikamrudishia heshima, kama inavyopasa, akanywa kidogo na kuhamia kwa mwingine. Nilielewa kwamba chupa ile ilikuwa imempa ruhusa ya kusema mambo ambayo ofisi haikumpa nafasi ya kuyasema.

Asiyetaka zaidi huiacha glasi yake ikiwa imejaa. Glasi iliyojaa haiongezwi, wala hakuna atakayeuliza sababu. Hii ni habari muhimu kwa mgeni, kwa sababu akinywa kila anapomiminiwa kwa kudhani kwamba ndiyo adabu, glasi haitakauka usiku kucha.

Ukubwa ule wa mililita 633 nao una historia yake. Wakati wa vita kuu ya pili serikali ilitaka kutoza kodi kwa kipimo kimoja, ilhali viwanda vilikuwa na chupa za ujazo tofauti tofauti. Mwaka 1944 ukachaguliwa ujazo wa chupa kubwa iliyokuwa ndogo kuliko nyingine zote za aina hiyo, maana hata chupa zilizouzidi zingeweza kujazwa hadi kipimo hicho, lakini zilizopungua zisingeweza. Vita viliisha na kipimo kikabaki.

Mahali pa kuanzia kujifunza mambo haya ni izakaya, nyumba ya kunywa na kula ambayo mara nyingi huitambua kwa taa nyekundu ya karatasi iliyoning'inizwa mlangoni. Ukiketi unapewa kitambaa chenye unyevunyevu cha kufutia mikono, cha moto wakati wa baridi na mara nyingi cha baridi wakati wa joto, kisha kinakuja kibakuli kidogo cha chakula ambacho hukukiagiza. Kinaitwa otoshi, nacho kinalipiwa, kwa kawaida yen 300 hadi 500 kwa kila mtu. Wageni wengi hukasirika wanapokikuta kwenye bili, lakini mimi nakitetea: ndicho kiingilio, na katika nchi isiyokuwa na desturi ya kumwachia mhudumu bakshishi, malipo hayo yanajulikana mapema na ni sawa kwa wote. Baada ya hapo karibu kila mtu huanza na bia, hata yule ambaye moyo wake uko kwenye kinywaji kingine. Sababu yake ni ya kimatendo: bia hutoka haraka, glasi zote hufika pamoja, na hakuna anayeruhusiwa kugusa yake kabla wote hawajasema "kanpai" na kugonganisha. Mdogo huishusha glasi yake kidogo chini ya ile ya mkubwa. Chakula huja kwa sahani ndogo ndogo za kuchangia, kuanzia maharage machanga ya soya yaliyochemshwa na kutiwa chumvi hadi mishikaki ya kuku, ambayo hukatwa kwa ustadi kiasi kwamba ngozi, shingo, maini na gegedu la goti kila kimoja kina mshikaki wake. Sisi tunaotoka kwenye nchi ya nyama choma hatuhitaji kufundishwa kwamba bia bila chakula ni nusu ya starehe.

Kuna pia utaratibu wa kulipa kiasi kimoja na kunywa upendavyo kwa muda maalumu, mara nyingi dakika 90 au saa mbili, na agizo la mwisho hupokelewa dakika 30 kabla ya muda kwisha. Unafaa kwa kundi kubwa lenye bajeti, hasa wanafunzi. Kwa anayetaka kuijua bia yenyewe sioni kama unafaa, kwa sababu uchaguzi huwa finyu na saa humharakisha mnywaji.

Bia yenyewe ni mgeni Japani kama sisi, na labda ndiyo maana historia yake imenivutia sana. Mwaka 1870 Mmarekani mzaliwa wa Norway, William Copeland, alifungua kiwanda cha bia Yokohama, bandari iliyokuwa na wageni wengi. Kiwanja hicho baadaye kilichukuliwa na kampuni iliyoanza kuuza bia ya Kirin mwaka 1888. Kaskazini, katika kisiwa cha Hokkaido, serikali yenyewe ndiyo iliyojenga kiwanda cha Sapporo mwaka 1876, chini ya idara iliyopewa kazi ya kukiendeleza kisiwa hicho. Fundi wake alikuwa Nakagawa Seibei, kijana aliyeondoka nchini kwa siri wakati kusafiri nje kulikuwa kumekatazwa, akafika Ulaya na hatimaye kujifunza kutengeneza bia Ujerumani. Kiwanda hicho kilikuwa kimepangwa kujengwa Tokyo kwanza, lakini afisa aliyeitwa Murahashi Hisanari alishikilia kwamba kijengwe Hokkaido moja kwa moja, palipokuwa na barafu ya kutosha na hali ya hewa inayofaa bia ya Kijerumani, ambayo huchachushwa kwenye baridi. Nyota iliyomo kwenye kila kopo la Sapporo hadi leo ilikuwa alama ya idara ile.

Osaka ikaleta Asahi mwaka 1892, na Tokyo ilikuwa imeshaanza Yebisu mwaka 1890, bia iliyobeba jina la mungu wa bahati anayechorwa akiwa na samaki. Mwaka 1901 kilifunguliwa kituo cha reli cha kusafirishia bia hiyo, nacho kikaitwa kwa jina la bia. Mtaa nao ukaja kulichukua jina hilo. Leo Ebisu ni mtaa wa watu wenye fedha, na kiwanda kikubwa kilihama mwaka 1988, lakini tangu Aprili 2024 kimerudishwa kiwanda kidogo pale pale ambapo mgeni anaweza kutazama matangi na kuonja.

Kama una jioni moja tu Tokyo, hata hivyo, mimi ningekutuma Ginza, kwenye ukumbi wa bia wa Lion uliofunguliwa mwaka 1934. Ndio ukumbi wa bia mkongwe kuliko yote iliyobaki Japani. Dari ni refu, nguzo zimefunikwa vigae vya kijani vinavyokumbusha mabua ya shayiri, na ukuta wa mbele una picha kubwa iliyoundwa kwa vipande vya kioo, ikionyesha wanawake wakivuna shayiri. Nenda saa kumi na moja kabla wafanyakazi hawajatoka ofisini, kaa mahali unapomwona anayemimina, na umtazame. Bomba analifungua mara moja, bia inazunguka ndani ya glasi kwa nguvu yake yenyewe, na anajua wakati wa kulifunga bila kukatiza povu kwa kijiko. Utakuta pia wazee wanaokunywa peke yao, kimya, wakiwa na sahani ya soseji, na hakuna anayewasumbua.

Bia nyingi za hapa, ukweli usemwe, zinafanana. Ni za rangi ya dhahabu, zimechujwa vizuri, zina kilevi cha takribani asilimia 5, na mgeni anaweza kuona tofauti baina yake ni ndogo. Asahi ndiyo iliyosukuma mambo huko zaidi ilipotoa Super Dry mwaka 1987. Kampuni hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya asilimia 10 ya soko, wakati Kirin ilikuwa imewahi kushika zaidi ya asilimia 60. Bia hiyo kavu, isiyoacha utamu mdomoni, ikaibadilishia bahati, na mwaka 1998 ikaipita Kirin kwa mauzo ya bia. Nilikuwa naiona haina jambo mpaka nilipoinywa mwezi wa Agosti, wakati joto la Tokyo lina unyevunyevu kama wa Pwani mwezi wa Februari, pamoja na kuku wa kukaangwa. Imetengenezwa kwa ajili ya saa hiyo na chakula hicho, na katika kazi yake hiyo ni bia nzuri sana.

Somo kubwa zaidi linakungoja dukani. Ingia katika duka lolote la saa 24, fungua friji ya vinywaji, na utaona makopo yanayofanana kabisa kwa sura na bei zisizofanana. Baadhi si bia kisheria. Kwa miaka mingi kodi ya Japani ilipimwa kwa wingi wa kimea: kinywaji kilichofikisha takribani asilimia 67 ya kimea kilikuwa bia na kilitozwa kodi kubwa, na kilichopungua hapo kiliitwa happoshu. Kampuni za bia ziliona mwanya. Mwaka 1994 Suntory ikatoa happoshu yake, mwaka uliofuata Sapporo ikafuata, na serikali ilipobana mwaka 1996, watengenezaji wakashusha kimea hadi chini ya asilimia 25. Kodi ya happoshu ikapandishwa mwaka 2003, na mara Sapporo ikaja na Draft One, kinywaji kisicho na kimea kabisa, kilichotengenezwa kwa protini ya njegere, ambacho mwaka 2004 kilienea nchi nzima. Watu wakakiita bia ya tatu.

Ukitazama kopo la mililita 350 kabla ya Oktoba 2020, serikali ilichukua yen 77 kwenye bia, yen 46.99 kwenye happoshu ya kimea kidogo, na yen 28 tu kwenye bia ya tatu. Familia yenye kipato cha kawaida, ambayo baba au mama anapenda kopo moja baada ya kazi, ilikuwa na sababu nzuri ya kunywa njegere. Msomaji wa Kenya ataielewa hali hii upesi, kwani Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyoanza mwaka 2004, ilitegemea msamaha wa kodi, na serikali ilipoupunguza mwaka 2013 mauzo yakaporomoka. Japani nayo imeamua kuufunga mwanya: tangu Oktoba 2020 kodi ya bia imekuwa ikishushwa na ya bia ya tatu ikipandishwa, na sheria imepanga kwamba kuanzia Oktoba 2026 vyote vitozwe yen 54.25. Naunga mkono hatua hiyo. Mafundi stadi wa nchi hii walitumia zaidi ya miaka 20 ya akili zao kutafuta namna ya kutengeneza kitu kisichokuwa bia, na ningependa kuona watakachofanya akili hiyo ikirudi kwenye shayiri.

Wadogo tayari wanaonyesha. Hadi mwaka 1994 leseni ya bia ilimtaka mtengenezaji atoe angalau lita milioni 2 kwa mwaka, kiasi kilichowazuia wote isipokuwa makampuni makubwa. Mwaka huo kiwango kilishushwa hadi lita 60,000, na viwanda vidogo vikachipuka mikoani. Kiuchi, familia ya Ibaraki iliyokuwa ikitengeneza sake, pombe ya mchele, tangu 1823, ilianza bia yake ya Hitachino Nest mwaka 1996, ile yenye picha ya bundi. Yo-Ho ya Nagano ikatoa Yona Yona Ale mwaka 1997. Aina hizi zina harufu ya matunda na uchungu ulio wazi, na bei yake ni kubwa kuliko ya kawaida. Mabadiliko ya mwaka 2018 yaliyoshusha kiwango cha kimea hadi asilimia 50 na kuruhusu matunda na viungo kidogo yamewapa uhuru zaidi. Ninachokipenda hasa ni habari ya Sorachi Ace, aina ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) iliyokuzwa na Sapporo huko Hokkaido na kukamilishwa mwaka 1984. Nyumbani haikuthaminiwa, kwani harufu yake ya ndimu na bizari mwitu ilikuwa kali mno kwa bia laini za wakati ule. Ikapata sifa Marekani, na sasa viwanda vidogo vya Japani vinaitumia kwa fahari.

Juu ya sake, shochu (pombe kali ya kukenekwa) na wiski iliyochanganywa na maji ya soda nitaandika siku nyingine, maana kila kimoja ni bahari. Hapa nataka kusema juu ya wasiokunywa, kwa sababu wasomaji wangu wengi ni Waislamu au ni watu walioacha, nao huniuliza kama wanaweza kuishi na wenzao wa kazini bila kunywa. Wanaweza. Takribani asilimia 40 ya Wajapani wana urithi wa kimaumbile unaoufanya mwili ushindwe kuivunja vizuri sumu inayotokana na kilevi. Uso huwa mwekundu baada ya glasi moja, moyo huenda mbio, na wengine hupatwa na kichefuchefu. Kwa hiyo katika kila meza pana mtu anayeagiza chai ya oolong, na tangu Kirin ilipotoa kinywaji cha bia chenye asilimia 0.00 ya kilevi mwaka 2009, aina hizo zimejaa kila mahali. Zamani wakubwa waliwalazimisha wadogo kunywa glasi nzima kwa pumzi moja, na wanafunzi walikufa kwa desturi hiyo. Leo kumlazimisha mtu kunywa kunahesabiwa kuwa unyanyasaji, na kampuni nyingi zimelikemea waziwazi, ingawa si kila mkuu wa zamani amesikia. Anayekunywa chai hushiriki yote: anagonganisha glasi, anawamiminia wengine, anamiminiwa chai yake. Ila kwa Mwislamu nitaongeza kwamba aulize kuhusu chakula pia, maana sake na mirini, pombe tamu ya mchele ya kupikia, hutiwa kwenye michuzi mingi, na nguruwe huwa jikoni.

Sheria ya barabarani nayo inaifuata mikono iliyoishika chupa. Dereva akipimwa na kukutwa na miligramu 0.15 za kilevi kwa lita moja ya pumzi anaadhibiwa, lakini tangu mwaka 2007 anaadhibiwa pia aliyempa pombe akijua ataendesha, aliyempa gari, na abiria aliyemwomba ampeleke. Ndiyo maana mwenye izakaya ya mkoani hukuuliza umefikaje kabla hajakuuliza unakunywa nini. Aliyekuja na gari huita huduma ya madereva wa kukodiwa: watu wawili huja na gari lao, mmoja huliendesha la kwako hadi nyumbani, na mwingine hufuata nyuma ili amchukue mwenzake. Wageni wengi, hasa wanafunzi, hawana gari bali wana baiskeli, na hudhani hawahusiki. Tangu Novemba 2024 kipimo hicho hicho cha miligramu 0.15 kinatumika kwa mwendesha baiskeli, na adhabu yake inaweza kufika miaka 3 jela au faini ya yen 500,000. Aliyemnywesha au kumwazima baiskeli naye anaingia hatiani. Siku ya kunywa iache nyumbani, na kama umeshafika nayo, shuka uikokote kwa miguu, kwani anayeikokota baiskeli huhesabiwa kuwa mtembea kwa miguu.